Vibanzi vya Kitanda cha Mninga

Kwa nini vibanzi vya kitanda cha bibi harusi visichomwe moto? Nilimuuliza shangazi swali hilo tangu asubuhi hadi jioni, na kila mara alinijibu kwamba havichomwi kwa sababu havichomwi. Jibu la namna hiyo lilinikera sana. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, Uganda, kwa meli ya ziwani hadi Mwanza na treni hadi Isaka, na wakati ule niliamini kwamba jambo lisilo na sababu halistahili kutiiwa.

Mdogo wangu alikuwa anaolewa na mfanyabiashara wa Geita. Baba alifanya kazi chini ya ardhi katika mgodi wa huko, na ndiye angekuja na wakwe kwa lori Jumamosi ya wiki iliyofuata. Mama alibaki na maandalizi yote. Fundi seremala, Mwislamu kutoka Tabora aliyewahi kuchonga nguzo za kuzuia mashimo ya mgodi yasibomoke, alikuwa chini ya upenu wetu akitengeneza kitanda cha mninga. Shangazi, dada yake baba, alikaa karibu naye kutwa nzima, akiokota kila kibanzi kilichoruka kutoka kwenye tezo na kukitia ndani ya gunia. Mwanzoni nilidhani anaweka kuni.

Kisha maksai wa harusi akatumbukia kwenye shimo lililoachwa na watafuta dhahabu, akavunjika mguu. Fundi alimchinja palepale, ili wakwe Waislamu nao waweze kula. Majirani walipewa mafungu yao kama ilivyo desturi, na nyama iliyobaki ilikuwa ndiyo nyama ya harusi, zaidi ya wiki moja kabla ya harusi yenyewe. Maksai mwingine hakuwapo. Ng'ombe waliobaki walikuwa wa maziwa, na kauli juu yao ilikuwa ya baba. Wakwe wakikaribishwa kwa nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, habari hiyo ingefika Geita kabla ya lori kurudi, na mdogo wangu angeanza maisha yake huko akiwa binti wa nyumba isiyo na nyama.

Kwetu tulikausha kila kitu kwa jua: nsansa, michembe ya viazi vitamu, hata nyama. Lakini ilikuwa masika na jua halikuwapo. Ilibidi tutumie moshi, na hapo nikafurahi, nakiri, kwa sababu kwa mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani palikuwa na kitu cha kuchunguza.

Kwanza tulitafuta mahali pa kufukizia. Uchaga wa jikoni, juu ya mafiga, ungebeba nyama ya siku mbili tu. Mimi nilitaka pipa. Niliwahi kuona watu wakifukizia samaki ndani ya pipa huko ng'ambo ya ziwa, na muuza duka mmoja pale Isaka alikuwa nalo moja tupu. Mama aliingiza kichwa chake ndani, akavuta pumzi, akatoka.

"Limebeba mafuta ya taa hili," akasema. "Mkwe akipiga mbweu karibu na moto, tutamzika."

Nilibisha. Nililijaza nyasi kavu nikalichoma mpaka likawa jekundu, na lilipopoa halikunuka kitu. Nikashangilia. Nilipolipasha moto tena kidogo, harufu ya mafuta ya taa ikarudi kana kwamba ilikuwa imejificha ndani ya chuma chenyewe. Mpaka leo sijui ilijificha wapi. Muuza duka alirudishiwa pipa lake likiwa limebadilika rangi, na alilalamika kwa muda mrefu.

Mwishowe tuliamua kutumia kihenge cha zamani nyuma ya nyumba, cha fito zilizokandikwa udongo, ambacho mama aliacha kuwekea mtama kwa sababu panya walikizoea. Kilikuwa na tundu la chini la kutolea nafaka. Tulichimba kishimo cha moto hatua chache kando, tukakiunganisha na lile tundu kwa mfereji tulioufunika kwa mawe na udongo, ili moshi ufike umepoa na moto usiikaribie nyama. Niliwasha nyasi mbichi kujaribu. Moshi ulichukua muda, nikaanza kusema hautafika, kisha ukatoka juu kwenye kofia ya kihenge, mwembamba na mtulivu. Nilikimbia kutoka kishimoni hadi kihengeni na kurudi, nikitaka kujua kwa nini unafuata mfereji badala ya kupanda moja kwa moja. Mama aliniambia nikiusumbua utarudi.

Kazi ngumu ilikuwa kuni. Msomaji asiyekijua kizazi chetu atashangaa, lakini pande zile miti mingi ilikuwa imefyekwa ili kuwamaliza mbung'o, na tulipikia mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe yaliyokauka. Nilikata vipande vidogo vya nyama nikavifukiza kimoja kimoja kwa kila kitu kilichowaka. Cha mabua ya pamba kilikuwa kichungu. Cha mavi ya ng'ombe nilikionja peke yangu, kwa kuwa mdogo wangu alisema yeye ndiye anayeolewa na hawezi kuhatarisha kinywa. Nilipokata minyaa ya uani, mama aliniwahi kabla sijawasha: utomvu wake hupofusha macho, na moshi wake si rafiki wa mtu. Cha mgunga kilikuwa kitamu. Jirani mmoja alikuwa na ngitili, malisho anayoyafunga hadi kiangazi na ambayo hayakatwi hata fito bila ruhusa yake. Mama alikwenda kumwomba, akarudi na mzigo wa matawi makavu ya mgunga. Tuliyachanja vipande vidogo, tukatundika nyama, moshi ukaenda siku nzima bila moto kuwaka.

Usiku ikanyesha. Asubuhi kila kitu kilikuwa maji: mgunga uliobaki, mabua, hata nyasi za kuwashia. Kishimo kilikuwa kimezimika na nyama ya juu ilikuwa imeanza kuteleza mkononi. Mama aliinusa, akainusa tena. Kitu kikavu pekee pale nyumbani kilikuwa gunia la vibanzi vya mninga chini ya upenu.

Nilipoinama kulichukua, shangazi alilikalia.

Alikaa juu yake kama mtu akaaye kwenye kiti chake, miguu ameinyoosha. Mama alimwomba kwa adabu, kwa sababu wifi ni wifi, hasa huyu, ambaye baba alimheshimu kama mama yake. Shangazi alikuwa ameachika kabla mimi sijazaliwa, akarudi kwa kaka yake na kupewa chumba chake pale uani, na tangu hapo hapakuwa na jambo la ukoo lililopita bila yeye. Fundi alijaribu utani, akasema amechonga vitanda vya nusu ya Unyamwezi na vibanzi vyote vimechemsha uji. Shangazi alimjibu kwamba ndiyo maana nusu ya Unyamwezi imehamia Usukuma kutafuta wake.

Mimi nikaanza na hoja zangu. Kibanzi hakijui kimetoka kwenye kitanda au kwenye mlango. Mninga ni mninga. Nilizungumza vizuri sana, na hakuna aliyenisikiliza. Mdogo wangu ndiye aliyesogea, akachuchumaa mbele yake.

"Shangazi, nitajie mmoja aliyechomewa vibanzi vyake akapatwa na jambo."

"Nikikutajia utaolewa kwa raha?"

"Nyama ikioza nitaolewa kwa raha?"

Shangazi akanyanyuka, akalibeba gunia kwapani na kumwambia fundi achukue tezo yake amfuate. Waliingia chumbani kwake. Tulisikia kugongwa, kisha mbao zikianguka. Fundi alitoka amekumbatia miguu na mbavu za kitanda alichoolewa nacho shangazi, mninga mkongwe uliogeuka mweusi, mkavu kama mfupa.

"Wifi," mama akasema, "utalala wapi?"

"Ngozi za ng'ombe zimekwisha hapa?"

Mama aliufunika uso wake kwa upande wa kanga. Fundi alianza kuchonga. Mimi niliokota kibanzi kimoja nikakinusa, nikauliza swali ambalo nililiona la akili sana: kama vibanzi vya kitanda havichomwi, inakuwaje kitanda chenyewe kichomwe?

"Hiki kimekwisha kazi yake," shangazi akasema, na akaingia jikoni kuchukua kaa la moto.

Nyama ile iliiva rangi ya mninga. Ilikaa mpaka Jumamosi, ikapikwa kwa karanga, na wakwe waliomba tena. Mama mkwe aliuliza tumefukizia mti gani. Mama alisema mninga, akamtazama wifi yake, ambaye alikuwa akigawa ugali bila kuinua kichwa. Lori lilipopakiwa, shangazi mwenyewe alilifunga gunia la vibanzi kwenye miguu ya kitanda kipya, na vijana wa Geita walicheka sana kuona bibi harusi anahama na takataka za seremala. Mdogo wangu hakucheka. Alilipandisha gunia vizuri, akalikalia.

Shangazi alilala juu ya ngozi tangu siku ile, na kila baba alipotaka kumchongea kitanda alisema mgongo umeshazoea.

Nilienda na swali langu kila mahali. Niliwauliza maseremala wa Nyahanga, wazee wa Mwakitolyo, wanawake wa Kisumbwa na wa Kizinza. Wengine walinipa miiko mingine kwa huruma, lakini wa vibanzi hakuna aliyewahi kuusikia. Shangazi alikuwa ameshafariki, na mimi nina mvi, nilipokutana na bibi mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa binti alipoolewa shangazi, akatumwa kusaidia jikoni. Aliniambia kwamba siku ile mvua ilinyesha tangu alfajiri, kuni zote zikalowa, na wageni wakapikiwa kwa vibanzi vya kitanda cha bibi harusi.