Udongo Ulioshuka kwa Jirani

Kuna siku moja, mwanangu, haijanitoka kichwani mpaka leo magoti yananiuma. Ilikuwa mchana, hapa hapa Bulengera. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jiko, mwiko mkononi, naangalia shamba la mama mkwe wangu likitembea. Usicheke! Lilikuwa linatembea kweli, linashuka mlima kwenda kwa jirani, na mimi sijui nilishike wapi.

Lakini naona nimeanza katikati. Wazee tuna hiyo tabia, utanivumilia.

Asubuhi hii umeniletea simu yako, wewe mke wa mtoto wangu, ukanionyesha picha tatu za mashini za kulima: moja kubwa, moja ya katikati, na moja ndogo ambayo mtu angesema ni ya kuchezea watoto. Ukaniuliza, "Mama, tununue gani?" Nikakurudishia simu, ukadhani macho yangu hayakuona vizuri. Niliona. Ila swali hilo liliwahi kunivuruga akili nikiwa na umri kama wako, na hasara yake bado iko kule nyuma ya nyumba. Basi kaa kitako nikueleze.

Mimi sikuzaliwa huku kwenye milima. Nimezaliwa Mangina, kwenye joto, ambako ukiangusha chungwa linabaki pale pale lilipoanguka. Nilipoolewa huku Butembo nilikuta mambo mengine kabisa. Nyumba inakaa juu, shamba linaning'inia chini yake, na chini ya shamba kuna bati la jirani. Shamba letu lilikuwa dogo, lakini watoto wangu wanne walikula humo: vitunguu, karoti, viazi, maharage. Baba yao alikuwa akienda Kasindi na biashara yake, mara anarudi na kitu, mara anarudi na maneno. Shamba halikuwahi kurudi na maneno.

Na shamba lile lilikuwa kazi ya mama mkwe. Alikuwa amebeba mavi ya ng'ombe, majivu na maganda ya ndizi kwa kitunga, kamba kwenye paji la uso, miaka na miaka, mpaka juu ya udongo wetu mwekundu ukakaa udongo mweusi, laini, wenye harufu nzuri baada ya mvua. Alikuwa pia amepanda mistari ya majani marefu kukata mlima, kutoka upande huu wa shamba hadi upande ule. Mimi, mtoto wa Mangina, nilidhani ni chakula cha sungura.

Siku moja akaniita. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

"Mama Paluku, mugongo yangu imechoka. Hii musimu, shamba iko kwako. Tutaona."

Hiyo "tutaona" yake ilinikaa moyoni kama mwiba wa samaki. Nilitaka aone! Nilitaka nimwonyeshe kwamba yale aliyofanya kwa mwezi, mimi nitayafanya kwa siku moja. Nilikuwa na pesa ya kahawa ambayo baba yangu aliniachia, na wakati ule zile mashini za kusukuma kwa mikono zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye magazini, yale maduka makubwa ya wafanyabiashara mjini. Nikasema, hapa hapa.

Sasa ndipo vurugu ilipoanza. Niliuliza watu, mwanangu, niliuliza mpaka midomo ikakauka. Kaka yangu Kambale, aliyebaki Mangina, akanitumia ujumbe: "Dada, kamata ile kubwa. Huku kwetu inamaliza shamba mbele watu hawajakunywa chai." Fundi wa pikipiki akaniuliza, "Mama, unataka ya mazutu ao ya esanse?" kana kwamba najua dizeli ni ipi na petroli ni ipi. Mke wa mchungaji akasema mashini inaua baraka ya jasho. Jirani mmoja akasema chuma chembamba, mwingine akasema chuma kipana. Kila mtu alisema kwa uhakika, na kila uhakika uligombana na mwenzake. Nikarudi nyumbani najua kidogo kuliko nilivyotoka.

Kwenye magazini nilikuta moja ndogo imewekwa chini, karibu na mlango, bei yake nafuu. Niliiinua kwa mikono miwili, ikakubali. Muuzaji akacheka.

"Mama, ile kadogo ni ya kulima maua ya padri. Mutu mwenye akili anabeba hii. Angalia miguu yake! Udongo yote itasikia."

Nikaiangalia ile kubwa. Ilikuwa nyekundu, inang'aa, magurudumu mapana. Haya mambo ya ukubwa, mwanangu, yanadanganya macho. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi, lakini siku ile nilikuwa nimesahau wahenga wote. Nilinunua ile kubwa. Wanaume watatu waliipandisha mpaka kwetu, wakitukana kwa Kiswahili na kwa Lingala.

Mama mkwe aliizunguka mara moja. Akagusa chuma chake kwa kidole.

"Uliuliza batu yote," akasema. "Shamba yenyewe, umeiuliza?"

Mimi nikaona ni mambo ya kizee. Shamba linaulizwaje? Lina mdomo? Wiki ile ile akaitwa kwenye matanga ya ndugu yake kule Lubero, akaenda. Nami nikaona Mungu amenifungulia mlango.

Nikawasha. Kwanza nilijaribu kulima kwa kukata mlima, kama yeye alivyokuwa akilima kwa jembe. Mashini ikakataa. Gurudumu la chini likawa linateleza, mwili wote unataka kulala ubavu, na mimi mtu mmoja na mikono yangu miwili ningeushikaje uzito ule? Mara mbili iliniangusha. Mara ya tatu nikasema, basi, kama unataka kushuka, tushuke. Nikageuza pua yake kuelekea chini, ikaenda kama mbuzi aliyenusa nyumbani, mimi nyuma nakimbia. Kuipandisha tena nilikuwa naita vijana wawili wa njiani. Na kwa kuwa haikuweza kugeuka kwenye ile mistari ya majani, niliing'oa. Yote. Sungura walikula vizuri siku zile.

Jioni shamba lilikuwa laini kama unga wa muhogo. Wanawake wa mtaa walikuja kulitazama, nami nikasimama katikati, mikono kiunoni. Nikapanda vitunguu. Nilijisifu, sifichi.

Siku ya tatu mvua ikanyesha. Unazijua mvua zetu. Ile mifereji niliyoilima kushuka chini ilikuwa kama mabomba niliyoyatengeneza mwenyewe. Maji yalishika njia, yakabeba udongo mweusi, na vitunguu vyangu juu yake, yakaondoka navyo. Hapo ndipo nilipokuwa na mwiko mkononi. Nilipiga kelele, "Mama yangu, shamba linaenda!" Nikakimbia nje, nikaweka mbao, zikaenda. Nikaweka jiwe, maji yakalizunguka. Nikasimama kwenye matope nalia kama mtoto, maana watoto wangu wangekula nini? Na yule mama akirudi, nitamwambia nini?

Mvua ilipokwisha, kwetu kulibaki udongo mwekundu kama tofali. Na chini, nyuma ya nyumba ya Muzee Kasereka, kulikuwa na lundo jeusi, zuri, limetandaa. Muzee Kasereka alikuwa mjane mwenye ndevu chache na kicheko kingi. Nilimkuta na jembe, tayari anapanda maharage.

"Muzee," nikasema, "huo ni udongo wetu."

"Mimi sikuiita, Mama Paluku. Ilikuya yenyewe na mvua ya Mungu. Kitu yenye inaingia kwako bila kuita, unaiambia tu karibu."

Nakwambia kweli, mpaka leo sijui vizuri kama alikosea. Tulienda kwa shefu wa mtaa. Shefu alisikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Mama iko na haki." Akafikiri, akatia "lakini" ya Kifaransa: "Mais, Muzee naye iko na haki." Akafikiri tena, akasema turudi siku ya nne. Siku ya nne hakuwa nyumbani. Nadhani alikuwa amejificha.

Maharage ya Muzee yakaota. Nami kila asubuhi nilikuwa nikiyaona yanavyonawiri kwenye jasho la mama mkwe.

Kisha akarudi kutoka matanga. Alipita jikoni, akaweka mzigo wake, akaenda nyuma. Nilibaki ndani. Sikuweza kumfuata. Nilipojikaza nikatoka, nilimkuta amechuchumaa, amechukua ule udongo mwekundu mkononi, ananusa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayeulizia mtoto aliyepotea:

"Iko wapi?"

Nikaonyesha chini. Nikaanza kusema: mvua ilikuwa nyingi, mvua ya mwaka huu si ya kawaida, mvua... Akanikatiza.

"Mvua haikujua hii ni shamba ya nani. Weye ulijua."

Basi. Ndiyo yote aliyonigombeza, siku ile na siku zote mpaka alipokufa. Angenipiga ningepona haraka zaidi.

Akashuka kwa Muzee Kasereka, mimi nyuma yake. Wakasalimiana, wakaulizana habari za matanga, wakamaliza. Muzee akaanza maneno yake ya mvua ya Mungu. Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli, Muzee. Hata mbuzi ya mwenzako inaweza ingia kwako bila kuita. Inakula majani yako, unakunywa maziwa yake, hakuna mubaya. Mais jioni inarudi kwabo."

Muzee akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mti.

"Na jioni ya udongo ni saa ngapi, mama?"

"Siku utavuna maharagi."

Hivyo ndivyo ilivyokwisha kesi iliyomshinda shefu. Muzee alivuna, akatuletea bakuli moja, na siku iliyofuata tukaanza kupandisha. Wanasema maji yakimwagika hayazoleki. Udongo unazoleka, mwanangu, ila uulize mgongo wako kwanza. Kitunga kwa kitunga, kamba kwenye paji, mlima ule ule. Nilimsihi mama akae, akakataa. Alikuwa anapumzika kila baada ya hatua kumi, mkono kwenye kiuno, halafu anaendelea, na mimi nyuma yake natazama visigino vyake vilivyopasuka, aibu inanitafuna. Majuto ni mjukuu, huja baadaye, na wangu alikuja amebeba kitunga. Tulirudisha misimu miwili. Mistari ya majani tuliipanda upya, na safari hii nilijua si ya sungura.

Ile mashini nikampa Kambale. Ilipanda gari kwenda Mangina na huko ililima miaka mingi, haikumwangusha hata siku moja. Sikiliza hapo vizuri: haikuwa mashini mbaya. Ilikuwa mashini ya kwingine. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Sasa turudi kwenye simu yako. Hizo namba za nguvu sizielewi, na nadhani hata wanaoziandika wanachanganyikiwa. Najua hali yetu: watu wa upande wa Beni wamekimbilia huku kwa sababu ya vita, mashamba yao yamebaki huko, kila mtu anatafuta kipande nyuma ya nyumba, na kila mtu ana ushauri. Dada yako anayekaa Ruwenzori, ule mtaa wa Beni mjini, si mlima, atakusifia yake, na hatadanganya, kwake ni tambarare. Wewe mshukuru, halafu nenda magazini uiinue mashini kwa mikono yako, wewe mwenyewe, bila mwanaume. Ikikataa kuinuka pale dukani, itakukataa mlimani. Ikiwa haiwezi kutembea kwa kukata mlima na kugeuka bila kugusa majani, iache hata wakikupa bure. Uliza pia nani hapa Bulengera ataitengeneza ikigoma. Mimi nachagua ile ndogo.

Utasema mama anaogopa bei. Hapana. Njoo nyuma ya nyumba, chukua fimbo, uchomeke. Unaona inapofika kabla ya kugusa wekundu? Upana wa kiganja. Mama mkwe aliponiachia shamba hili, fimbo ilikuwa inazama urefu wa mkono mpaka kiwiko. Udongo mwingine uliishia mtoni, Muzee Kasereka hakuupata wote. Kiganja hicho ndicho tulichobeba kwa kichwa, mimi na yeye, na ile kubwa yako itakipita kwa mara moja. Ndogo inakuna juu tu, na juu tu ndiko tulikobaki nako.

Shamba ni lako kuanzia msimu huu. Sikuambii "tutaona", neno hilo najua uzito wake. Nakwambia, ukilikosea, niite, nitakuja na kitunga. Mungu Nyamuhanga akupe mgongo usiochoka, jirani anayecheka, na mvua yenye adabu, na watoto wako washibe humo kama walivyoshiba wangu.