Kitabu cha Majibu Kwenye Meza ya Dirishani

Kosa langu la mapema lilikuwa hili: niliamini kwamba kitabu cha majibu hakiwezi kukosea, kwa sababu juu ya kila ukurasa wake paliandikwa mstari wa Biblia. Nilikuwa na miaka kumi. Sikuona tofauti kati ya mstari ule wa juu na tarakimu zilizofuata chini yake.

Ninyi mliokulia Brussels miaka ya tisini mtakumbuka asubuhi zile, watoto wakiteremka barabarani na mikoba iliyowazidi ukubwa. Sisi hamkutuona. Mimi na dada yangu Furaha tulisomea nyumbani, ghorofa ya tatu katika mtaa wa Ixelles, na kila basi lilipopita chini vioo vilitetemeka. Maman alikuwa mwalimu Bukavu, Kongo, kabla ya kukimbia. Huku diploma yake haikutambuliwa, kwa hiyo darasa lake lilibaki na wanafunzi wawili. Familia moja ya kanisani ilimpa vijitabu vya masomo ya Kikristo vilivyotafsiriwa kwa Kifaransa, kila somo na rangi yake, akavipokea kama mtu aliyerudishiwa kazi.

Shule ilikuwa jikoni, lakini ilibidi tuvae viatu. "Shule ni shule," alisema. "Mimi sifundishe muntu wa kandambili." Watoto wa jirani walituonea wivu, wakidhani tunasoma tukiwa na nguo za kulalia. Laiti wangejua! Tuliimba zaburi tumesimama wima, kisha tukakaa, sombe ikichemka nyuma yetu. Hadi leo harufu ya majani ya muhogo hunirudishia vitenzi vya Kifaransa, tena vile vigumu.

Utaratibu wa vijitabu ulikuwa wa ajabu. Mwanafunzi alijisahihisha mwenyewe. Ukimaliza ukurasa, uliacha penseli mahali pako, ukaenda kwenye meza ndogo ya dirishani kilikokaa kitabu cha majibu, ukachukua kalamu nyekundu na kutia alama palipo na kosa. Maman hakusimama juu yetu. "Mungu anaona," alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Nami nilikuwa mtoto wa kuogopa wekundu. Alama moja tu ilininyima hamu ya kula. Basi nilikwenda dirishani, nikatazama jibu, nikarudi mahali pangu bila kugusa kalamu nyekundu, nikafuta nilichoandika na kuandika kilichotakiwa. Sikujiona mdanganyifu. Nilijiona ninatubu.

Papa, yaani baba yetu, ndiye aliyekosa amani. Kazini kwake, karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, wenzake walimwuliza watoto wake wanasoma wapi, naye akabadili mazungumzo. Jioni moja alimwambia Maman: "Tonton Dédé atakuja dimanche, ataangalia hivi vitabu. Akisema ni bidhaifu, septembre batoto banaenda ku masomo kama bengine." Tonton Dédé, mjomba wetu kwa heshima tu, alikuwa rafiki yake kutoka Lubumbashi, mwanafunzi wa uhandisi, mtu ambaye hata menyu ya mgahawa aliisoma akitafuta kosa. Maman alifunika sufuria taratibu mno, na hapo nikaelewa kwamba darasa lake la mwisho duniani lilikuwa hatarini, na kwamba kurasa zangu ndizo zingelitetea.

Jumapili ikafika. Tonton alikula, akanawa mikono, akaomba vijitabu vyote. Nilitarajia avipekue haraka na kucheka. Hakucheka. Aliketi dirishani mchana kutwa akisoma kimoja baada ya kingine, kurasa za sarufi, sayansi, hesabu, akilinganisha na programu ya shule aliyokuja nayo. Sikuwahi kumwona mtu mzima akisoma kitabu cha mtoto kwa heshima ile. Nilimtazama kama wengine wanavyotazama misa ya askofu.

Kisha akaita: "Mutoto, kuya hapa."

Swali lilitaka eneo la shamba la mjane, urefu mita sita, upana mita nne na nusu. Jibu langu lilisomeka ishirini na nne na nusu.

"Shamba la mita sita," Tonton alisema. "Hata kuku atalikataa. Bon. Hili jibu lako, lilitoka wapi?"

"Ni la kitabu, Tonton."

Alifungua kitabu cha majibu. Kweli, ishirini na nne na nusu. Akauinua ukurasa wangu kwenye mwanga wa dirisha. Chini ya maandishi, penseli iliyofutwa bado ilionekana: ishirini na saba.

"Na hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Alors, juu ya nini uliifuta?"

Nilianza kulia. Nikasema kitabu cha majibu hakikosei, kina Neno la Mungu juu. Maman alinitazama, kisha akatazama meza ya dirishani, akajua yote.

"Sikia," Tonton akasema polepole. "Ule mustari wa juu ni wa Mungu. Hesabu ya chini ni ya muntu wa kuandika mashine, pengine alikuwa na usingizi. Na weye njo ulikuwa na haki, mutoto. Weye peke yako."

Siwezi kueleza nilichohisi. Ishirini na saba ndiyo iliyokuwa sahihi; kitabu kilikosea, na dari haikuanguka.

Papa akauliza hukumu. Tonton hakumbembeleza mtu. Usomaji ulikuwa na nguvu, alisema, kuliko wa madarasa mengi. Sayansi ilikuwa nyepesi. Kongo haikuwa na hata ukurasa mmoja. "Lakini huyu alifundishwa kuzidisha vizuri sana, maman yake njo alimufundisha. Kitu hakufundishwa ni kusimama na jibu yake." Papa akacheka, jambo la nadra. Tulibaki nyumbani mwaka mwingine. Maman akahamishia kitabu cha majibu juu ya kabati, na tangu hapo kabla ya kukishusha alituuliza: "Una uhakika? Nionyeshe."

Watoto wa siku hizi hujibiwa na simu kabla swali halijaisha. Nikimwuliza mwana wa Furaha amejuaje, hunitazama kama niliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. Simlaumu, mimi nilikuwa na simu yangu, ila ilikuwa ya karatasi na ilikaa dirishani. Ninachokitamani ni jikoni ile, viatu vilivyofungwa kamba, na mtu mzima anayeuinua ukurasa wako kwenye mwanga ili aone ulichowaza kwanza.

Mengine niliyoyajua baadaye nilijifunza peke yangu, bado kwa hofu, bado nikirudia mara nyingi kupita kiasi. Lakini sifuti tena. Nikibadili jibu, napiga mstari mmoja mwembamba juu ya lile la kwanza, na kuliacha lisomeke.