Mwanapili na Kiwango cha Nne

Kabla sijaeleza lolote, naomba ieleweke kwamba Mwanapili Ame wa Msuka alikuwa anakijua Kiingereza. Nalitanguliza hili kwa sababu ipo karatasi iliyosema vinginevyo, ikapigwa muhuri, na kwa muda wa mchana mmoja watu wazima wenye elimu zao waliiamini karatasi hiyo kuliko masikio yao wenyewe.

Mimi ndiye niliyemfundisha, katika darasa la watu wazima nililoliendesha wakati wa alasiri pale skuli, Micheweni. Ulikuwa mwaka ule uliofuata kura ya maridhiano, ambapo watu wa vyama viwili, waliokuwa hawaalikani harusini wala hawazikani, walianza tena kupeana mikono. Darasa langu lilijaa ghafla. Waliokuwa hawanunui kwenye duka moja sasa walikaa benchi moja, wakigombania kamusi moja.

Mwanapili alikuja akitokea kwenye mwani, mikono yake bado imekunjamana kwa maji ya chumvi, na akakaa mbele kabisa. Alizaliwa Msuka, akasoma hadi Kidato cha Pili, akaozwa. Mumewe alipofariki alimwachia watoto watatu, na watoto hao walilelewa kwa kamba na vijiti vya mwani, maji yakiwa magotini, jua likiwa utosini. Kilichomleta darasani ni usiku mmoja ambao jirani yake alijifungulia njiani, gari ikiwa imekwama, na yeye Mwanapili hakuwa na la kufanya ila kumshika mkono. Mama na mtoto walipona. Lakini tangu siku ile alikuwa akisema jambo moja tu: "Sitaki tena kumshika mtu mkono. Nataka kujua la kufanya."

Basi kikatokea chuo kimoja cha ukunga, Unguja, kilichotenga nafasi kwa wanawake wa vijijini. Masharti yalikuwa mawili. Umri uwe chini ya miaka arobaini, na Kiingereza kifike kiwango cha nne kati ya viwango sita. Mwanapili alikuwa na miaka thalathini na tisa. Usaili wa mwaka uliofuata ungemkuta amekwisha kupitwa.

Viwango vyenyewe nitavieleza kwa ufupi, kwa kuwa wengi huvitaja kama watajavyo madaraja ya peponi. Mwenye cha kwanza anasalimu na kutaja vitu. Mwenye cha pili anaomba na kujibu. Mwenye cha tatu anasimulia. Mwenye cha nne anapinga: anakataa hoja, anamdakia mwenzake bila kumvunjia heshima, anatetea rai yake. Vya tano na sita ni vya wale wanaoandika vitabu. Mtu hupimwa katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, na kiwango chake huwa ni kile cha chini kabisa miongoni mwa hivyo. Ukiogelea vizuri kwa mikono miwili na mguu mmoja, unahesabiwa kuwa umezama.

Sasa, darasani mwangu alikuwamo pia Haitham, karani kijana, mpole kupita kiasi, aliyemwoa Asya, binti mkubwa wa Mwanapili. Haitham alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Mama mkwe wake akiingia, anasimama. Mama mkwe akiulizwa swali, anainamisha macho kwenye daftari, asije akaonekana anamsahihisha hata kwa uso. Katika muda wote niliowafundisha sikuwahi kuwasikia wakizungumza zaidi ya shikamoo na marahaba. Hawakuwa na ugomvi. Walipendana sana, na kwetu mapenzi ya mtu na mkwewe hukaa mbali, huteremsha sauti, na hayapingani.

Siku ya mtihani walifika pamoja kutoka Msuka. Mtahini mkuu, Bwana Nyange, kijana mwenye heshima zake aliyetoka mjini Unguja, alikuwa ameagizwa kuwapanga watahiniwa wawili wawili kwa jinsi walivyofika. Akaandika: Mwanapili Ame na Haitham. Nilikuwa nimesimama mlangoni kama msimamizi wa skuli, na msimamizi haruhusiwi kufungua kinywa. Nilimtazama Mwanapili. Angeweza kusema, "Nibadilishieni." Lakini kusema hivyo mbele ya watu ni kutangaza kwamba hataki kukaa na mume wa binti yake, na maneno hayo yangefika nyumbani kwa Asya kabla yake. Akakaa.

Karatasi ya mada iliwataka wabishane: Haitham atetee maisha ya mjini, Mwanapili atetee ya shamba. Nayaandika kwa Kiswahili, lakini yote yalisemwa kwa Kiingereza safi.

"Mwanangu, hamjambo nyumbani?" alianza Mwanapili.

"Hatujambo, Mama. Nyinyi hamjambo?"

"Hatujambo. Na kazi?"

"Kazi njema, Mama."

Bwana Nyange akakohoa kuwakumbusha. Haitham akaangalia sakafu.

"Mama, mimi nimeambiwa niseme mjini ni bora. Lakini ikiwa wewe unaona shamba ni bora, basi ni bora."

"La, mwanangu, kama roho yako inapenda mjini, nenda. Mungu akufanyie wepesi."

"Siwezi kwenda, Mama, kama wewe uko shamba."

"Basi tutakuja kukutazama huko huko."

Muda ukaisha. Walikuwa wamekubaliana kila kitu, wameombeana dua, na kwa kweli wameupatanisha mji na shamba kuliko serikali yoyote. Karatasi ikatoka: kusoma, cha nne, kuandika, cha nne, kusikiliza, cha nne, kuzungumza, cha pili. Haitham vivyo hivyo. Chini pameandikwa: hawana uwezo wa kujenga hoja.

Nilimfuata Bwana Nyange hadi mezani kwake, na sikumfuata kwa upole.

"Umewapa mtihani wa Kiingereza au wa utovu wa adabu?" nilimuuliza. "Ulitaka mtu ambishie mama mkwe wake mbele ya kadamnasi?"

Akavua miwani. "Bi Moza, mimi mwenyewe nina mama mkwe. Nikimwona njiani, navuka upande wa pili. Unadhani sikuelewa? Lakini fomu haina kisanduku cha mkwe."

"Basi fomu ni pungufu!"

"Ni pungufu," alikiri. "Ila ndiyo iliyopo. Nisiloliona likitendeka siwezi kulipa alama."

Nilitoka nikiwa na hasira ya kuweza kupasua ukuta. Nilikasirishwa na mtu aliyekaa mbali akaamua kwamba lugha ni kubishana, kisha akawapimia watu wa kila pembe ya dunia kwa kijiti hicho. Na nilikasirika zaidi kwa sababu kijana huyu alikuwa na haki kwa upande wake.

Mwanapili alikuwa amekaa uani, peke yake, karatasi imekunjwa mapajani. Hakulia. Nikakaa kando yake. Ndipo ilipopigwa kelele kutoka upande wa pili wa ua.

"Ewe Mwanapili! Nasikia umepata cha pili! Popo wangu wa Ngezi wana cha tatu, tena wao husema kichwa chini!"

Huyo alikuwa Pandu, mtoto wa mjomba wake Mwanapili, anayewatembeza wageni kwenye msitu wa Ngezi kule Makangale. Alikuwa amekwisha kufanya mtihani wake asubuhi, akapata cha nne, na tangu hapo alikuwa hajazungumza Kiswahili na mtu. Yeye na Mwanapili ni mabinamu, na kwa hiyo ni watani. Hata katika miaka ile vyama vilipoigawa Msuka mpaka kwenye visima, na hawa wawili wakawa kila mmoja na chake, utani wao haukukatika. Walitukanana kwa bidii ile ile, isipokuwa waliongeza na bendera.

Mwanapili aliinua kichwa. Akamjibu kwa Kiingereza kile kile alichosemeshwa nacho.

"Popo wako wana cha tatu kwa sababu walijifundisha wenyewe. Lau wangelikungoja wewe, mpaka leo wasingelijua jina lao."

"Sikiliza, mimi nina cha..."

"Sijamaliza! Na usinitajie kichwa chini. Ningelikuwa na upara kama huo, na mimi ningelining'inia, ili watu watazame miguu."

Ua mzima ukaangua kicheko. Pandu akajaribu kusema kwamba upara ni dalili ya hekima. Mwanapili akamdakia kwamba kama ni hivyo, basi nazi iliyofuliwa ingekuwa kadhi. Sikungoja zaidi. Nilikusanya buibui langu mkononi nikakimbia, mwanamke wa umri wangu, mbele ya wanafunzi wangu, hadi kwenye chumba ambamo Bwana Nyange alikuwa anafunga mkoba wake.

"Njoo dirishani!"

"Bi Moza, nimeshasema..."

"Usiseme. Njoo usikilize!"

Akaja. Akasikiliza. Taratibu nikaona mdomo wake unacheza.

"Huyo ndiye yule mama mkwe?"

"Ndiye."

"Na yule bwana ni nani wake?"

"Mtoto wa mjomba wake."

Akapiga kiganja chake kwenye fremu ya dirisha. "Mtani! Loo, mtani!"

Kisha akafungua tena mkoba, akatoa kanuni zake na kuzipitia kwa kidole. Ilikuwepo ruhusa ya kurudia sehemu ya kuzungumza siku hiyo hiyo, ikiwa upangaji wa watahiniwa ulimdhuru mmoja wao. Ila mwenzake mpya naye lazima apimwe upya, na alama yake ya awali ifutwe.

Tukatoka kumweleza Pandu. Akashika karatasi yake kifuani kama anayeshikilia mtoto.

"Cha nne changu hiki bado kina joto la mashine. Mnataka nikirudishe?"

"Kirudishe," alisema Mwanapili, ambaye sasa alikuwa amesimama. "Ulikipata kwa bahati. Tuone kama utakipata kwa haki."

Pandu alimtazama binamu yake. Nadhani aliona, chini ya mzaha ule, kwamba bado ameishikilia karatasi yake ya cha pili. Akampa Bwana Nyange karatasi.

"Andika jina langu. Mwanamke huyu hawezi kunitoka hivi hivi."

Habari zilisambaa. Madirisha yakajaa vichwa. Mada mpya ikachaguliwa, na nilipoisikia nilikata tamaa: likizo ipi ni bora, ya milimani au ya ufukweni? Mwanapili alipewa milima. Hajawahi kuona mlima maishani mwake.

Pandu alianza kwa madaha: bahari, upepo, mchanga mweupe, wageni wanaolipa fedha nyingi kuja kulala tu kwenye mchanga huo.

"Samahani, nakukatiza," alisema Mwanapili, na Bwana Nyange akaandika. "Wageni wanakuja kulala. Mimi sijawahi kulala ufukweni. Wewe ukiona mchanga mweupe, mimi naona kamba za mwani zilizokatika. Ukisikia upepo, mgongo wangu unasikia baridi. Likizo ni kupumzika na kinachokuchosha. Kwa hiyo kwangu mimi ufukwe hauwezi kuwa likizo hata siku moja. Nipeleke mlimani."

Baadhi ya wanawake waliokuwa wakisikiliza nao ni wakulima wa mwani, na waliojua Kiingereza waliwanong'oneza wasiojua.

"Lakini mlimani kuna baridi," alisema Pandu, safari hii kwa upole. "Utakaa na nani huko?"

"Hilo ndilo jambo la pili. Mlimani hakuna Pandu. Hata kama kungekuwa na baridi ya kugandisha uji, hiyo peke yake ingenitosha."

Hapo Pandu alishikwa na kicheko, akakosa pumzi, na maswali mawili ya mwisho hakuyajibu kabisa. Bwana Nyange alisubiri, akasubiri, akaweka kalamu chini.

Matokeo yalisomwa pale pale. Mwanapili, kuzungumza: cha nne. Kiwango chake kwa jumla: cha nne. Pandu, cha tatu. Wanawake wakapiga vigelegele hadi walimu wa madrasa ya jirani wakatoka kuuliza nani kaolewa. Pandu akapita akilalamika kwa kila mtu kwamba ameibiwa mchana kweupe. Kazi yake ya msituni ilihitaji cha tatu tu. Ni majivuno yake yaliyohitaji cha nne.

Mimi nilikuwa nimeshaanza kumkumbatia Mwanapili, lakini yeye alinitoa mikono taratibu na kumwendea mtahini.

"Na Haitham?" aliuliza, bado kwa Kiingereza.

"Bi Mwanapili, muda umekwisha, na hakuna mtahiniwa mwengine wa..."

"Samahani, sikubaliani nawe." Alimdakia mgeni, mkubwa wa mtihani, bila kutetereka. "Kilichonidhuru mimi kimemdhuru yeye. Kanuni iliyonirudisha mimi inamrudisha na yeye. Kama hakuna mtu, kaa wewe ubishane naye. Wewe si mkwe wake."

Bwana Nyange alinigeukia kama aombaye msaada. Sikumpa. Akaketi, akasukuma kiti cha pili mbele ya meza, akaita: "Haitham!"

Kijana aliingia, akakaa, akafungua mdomo. Kisha akaona kwamba mama mkwe wake bado yuko mlangoni, akaufunga.

Mwanapili alielewa mara moja. Aligeuka akatoka, akavuka ua, akapita lango la skuli, na hakusimama mpaka alipofika upande wa pili wa barabara, mahali ambapo neno lolote lisingeweza kumfikia. Akaelekeza uso wake kwenye mashamba ya mihogo, akakaa juu ya jiwe la tumbawe. Watu wote wengine walikuwa wamening'inia madirishani. Nami nilisimama langoni, katikati, sikio langu moja ndani na jicho langu moja kwake.

"Bi Moza," aliniita bila kugeuka. "Anapinga?"

Ndani, sauti ya Haitham, ambayo sikuwahi kuisikia ikipanda, ilikuwa inapanda.

"Anapinga," nilimwambia. "Anapinga mpaka Bwana Nyange anasogeza kiti nyuma."

"Alhamdulillahi," alisema Mwanapili, na akaendelea kuitazama mihogo.