Hamtanimalizia na Jina

Gazetini walimwita Koma. Mgeni angedhani ni kwa sababu ya kazi yake, maana alikuwa msahihishaji, mtu wa kuweka nukta na koma kwenye habari za wenzake. Ukweli ni kwamba alikuwa na kigugumizi. Kila alipofungua mdomo, maneno yalisita, na wenzake wakaliona hilo ni la kuchekesha.

Kaka yake mkubwa, fundi wa mafriji, alikuwa msemaji wake tangu utotoni. Dukani alimwagizia, kwa daktari alimwelezea panapouma, na hata posa ilipokuja, ni yeye aliyejibu. Bahati nzuri alijibu ilivyotakiwa. Alifanya yote hayo kwa mapenzi, ndiyo maana Koma hakuwahi kulalamika. Akazoea kuamini kwamba mkono wake ni wa kusafisha sentensi za watu tu, na kwamba kuandika ni kwa wenye ulimi.

Siku moja ikamfikia makala ya mwandishi mmoja kuhusu watoto wenye kigugumizi. Ilisema wahurumiwe. Koma akasahihisha tahajia, akairudisha, kisha akakaa akiitazama meza. Hasira ilimpanda. Akaanza kuandika ya kwake: jinsi watu wanavyokumalizia maneno, jinsi unavyokunywa soda usiyoipenda kwa sababu jina la unayoipenda linaanza na herufi ngumu, jinsi kaka anayekupenda anavyoweza kukuziba mdomo bila kujua. Mara mbili aliifuta yote. Nani atakusoma wewe? alijiuliza. Mara ya tatu akaichapa na kuipeleka kwa mhariri kabla moyo haujabadilika.

Mhariri aliisoma akiwa amesimama.

"Hii kali," alisema. "Ila wasomaji hawakujui, dada. Tutaiweka kwa jina la daktari wetu wa safu ya afya. Yule wameshamzoea."

Siku nyingine Koma angeitikia kwa kichwa na kwenda zake. Safari hii alinyoosha mkono, akazivuta karatasi zake kutoka vidoleni mwa bosi.

"Wa-watu wamenimalizia maneno ma-maisha yangu yote," alisema. "Ha-hamtanimalizia na ji..."

"Na jina," mhariri akamsaidia.

Mhariri mwenyewe alisikia alichokifanya, uso ukamshuka.

"Na jina," Koma akasema, taratibu, kisha akatoka na karatasi zake.

Jioni mhariri akamfuata mezani kuziomba. Jumapili makala ikatoka kwa jina lake kamili. Na kwa kuwa mkosi hauna adabu, kichwa cha habari, alichokisahihisha mwenyewe, kilisomeka "kigugumuzi". Chumba cha habari kikaangua kicheko.

"Mganga hajigangi!" alipiga kelele mtu wa michezo.

Zamani angekimbilia chooni kulia. Aliinuka, akalibandika gazeti ukutani, kosa likiwa juu kabisa.

"Ma-makala ni yangu," alisema. "Na kosa ni langu. Nani mwingine ana la kusema?"

Mtu wa michezo akarudi mezani kwake.

Kaka yake alikuja nyumbani alasiri, gazeti kwapani, hata salamu hakutoa.

"Huyu kaka wa humu ni mimi?"

"Ni we-wewe."

"Mimi nilikuwa nakusaidia, mdogo wangu! Leo unanianika mbele ya watu?"

"Najua ulinisaidia. Na nakupenda. Sa-sasa nisaidie kwa kunyamaza."

Aliondoka bila kugusa chai. Wakakaa hivyo muda mrefu, mmoja akisikia habari za mwenzake kwa mama yao. Koma aliumia, lakini hakwenda kuomba radhi, kwa sababu hakuwa ameandika uongo.

Hatimaye kaka akaja mwenyewe. Alikaa, akakohoa, akauliza, "Kazini kunaendaje?"

Koma akaanza kumweleza kwamba ameomba apewe safu yake kila wiki. Neno "safu" liligoma. Kaka akakodolea macho dari, mikono ameikalia, jasho linamtoka, midomo ameibana kama anayezuia kikohozi msibani. Neno likatoka.

"Wamekubali?" aliuliza, akihema.

"Wamekataa. Ke-kesho narudi kuwauliza tena."