Fundi Aliyeikuta Plasta Yake Darini

Saa mbili asubuhi, miguu miwili yenye soksi inaning'inia kutoka kwenye tundu la dari. Imeacha kutikisika, hata walio chini wanaanza kutazamana.

"Fundi, umelala huko?" anauliza mwenye nyumba, mama mshonaji, pini zimemjaa kwenye ukosi wa gauni.

"Sijalala, mama. Nimekutana na kitu ninachokijua."

Anashuka na utando wa buibui kichwani. Mkononi ana kipande cha plasta, hii hii ya kufungia kidonda, kimekaushwa na joto mpaka kimekuwa cheusi. Kilikuwa kimefungwa kwenye maungio ya nyaya.

"Kazi hii mbovu ni yangu," anasema. "Miaka ishirini na nane iliyopita. Tepu ilituishia, mkubwa wangu wa kazi akasema funga kwa chochote. Nilikuwa nimejikata kidole, plasta ninayo. Nikaufunga waya, kidole nikakiacha kinavuja."

Wateja wamempa jina la Fundi Taratibu, na wengine hawalitaji kwa kumsifu. Ana miaka hamsini na nne. Mwezi ukiwa mwema hupata nyumba mbili. Ukiwa mbaya, hupata swichi moja na maneno mengi. Cheti cha serikali amekiomba mara nne, na mara zote nne mwenye muhuri hayupo. Wenye mihuri hawajawahi kupanda dari ya mtu, lakini ndio wanaoamua nani fundi na nani si fundi.

Na asubuhi hii, miezi mitano imepita hajapata nyumba nzima. Plasta ile angeitia mfukoni, na nani angejua?

"Niliuwaza mfuko," anakiri huku anacheka. "Mfuko wenyewe umetoboka."

Nyumba ni ya zamani. Vyumba saba vinanyonya waya mmoja. Mama akiwasha pasi, cherehani inakata roho. Akiwasha cherehani, taa inapepesa kama jicho lililoingia mchanga. Ofisi ya umeme aliiandikia barua tatu. Walichomletea ni bili, na bili haikuchelewa hata siku moja.

Ndipo akaamua kutafuta fundi mwenyewe. Wa kwanza alitaja bei akiwa bado mlangoni, simu sikioni. Wa pili alitaka kubadilisha soketi na swichi tu, nyaya kuukuu zibaki ukutani.

"Huyo alitaka kunipaka poda juu ya kidonda," anasema mama.

Wa tatu ndiye huyu, aliyevua viatu, akagusa kila swichi kwa kiganja kusikia joto, kisha akaomba ngazi.

Shemeji wa mama, mdogo wa marehemu mumewe, hakutaka kusikia. "Shemeji, mtu anakiri mwenyewe kwamba aliharibu, halafu unampa tena nyumba?"

"Wewe bakuli langu ulilivunja ukasema paka."

"Si alikuwa paka?"

"Paka gani, shemeji? Nyumba hii imewahi kuwa na paka?"

Shemeji akapatwa na kikohozi. Mama akamgeukia fundi. "Kazi nimekupa. Aliyenionyesha aibu yake hatanificha ubovu wa nyumba yangu. Ila hufungi maungio hata moja kabla sijayaona."

"Hata ungesema uyalambe, mama."

Siku tisa zikaenda hivyo. Fundi akatandaza nyaya mpya, jikoni njia yake, chumba cha cherehani njia yake. Nyuma ya nyumba akapigilia chuma cha kupeleka ardhini umeme unaovuja, kitu ambacho nyumba haikuwa nacho tangu ijengwe, ingawa wakaguzi waliipitisha. Mama akawa anapanda ngazi na miwani yake ya kutungia uzi. Shemeji ndiye mshika ngazi, analalamika, lakini haachii.

Siku ya tisa mama akawasha kila kitu: pasi, feni, redio, jiko, taa zote mchana kweupe. Kisha akakanyaga cherehani. Ikalia moja kwa moja, upindo mzima wa sketi ya shule, na taa hazikupepesa. Mama akapiga kigelegele. Shemeji akaanza kucheza peke yake, bila aibu.

Kazi hiyo imemtia fundi wazo. Nyumba nyingine alizofunga umeme enzi za mkubwa wake anazikumbuka kumi na moja. Anataka kupita moja baada ya nyingine, Jumamosi kwa Jumamosi, akague dari bila malipo.

Nyumbani kwake, mkewe ameisikia mipango hiyo akiwa mlangoni pa jikoni.

"Vizuri sana, baba. Na swichi ya jiko langu, ninayoiwasha kwa mwiko mwaka wa tatu huu?"

Fundi Taratibu anainama kutafuta bisibisi. "Nyumba ni kumi na mbili," anasema. "Na Jumamosi ya kwanza ni ya hapa."