Malisho ya Ndama

“Lemayian, toa ng’ombe zako! Hapa ni pa ndama.”

“Ndama gani, Koko? Ardhi iligawanywa, hii ikawa yangu. Niko na hati.”

“Hiyo hati, ng’ombe watakula?”

Nilipokuwa mtoto niliyasikia hayo nikiwa nimeshika shuka ya Koko, nyanya yangu, huku kwetu Kajiado. Lemayian alikuwa jirani yetu. Walikuwa wakigombania olopololi, malisho ambayo wazee waliyafunga kila mvua zikiisha, yabaki ya ndama na ng’ombe wagonjwa. Hayakuwa na ua. Yalilindwa na neno tu: atakayelisha ng’ombe wazima hapo, maziwa yatakauka bomani mwake. Sote tuliamini.

Lemayian alicheka. “Hizo ni hadithi za kulaza watoto.” Akawaswaga mafahali ndani.

Koko hakupiga kelele. “Basi kuleni,” alisema, nami nikayasikia kama laana.

Majirani walingoja wamwone Lemayian akipatwa na balaa. Walipoona hajapatwa, nao wakaingiza mifugo yao, kila mtu akihofia kubaki nyuma. Nyasi ziliisha kabla kiangazi hakijakaza. Ndama wetu walikufa wote. Hao ndio wangekuja kunisomesha sekondari. Niliishia msingi, na sasa nafulia watu nguo Kitengela. Kila asubuhi wasichana wa rika langu hunipita na sare zao.

Nikiwa nasuuza nguo huwaza sana juu ya wale wazee. Hawakuwa wachoyo. Walijua mwenye ng’ombe mwenye njaa haoni ndama wa mwenzake, wakatupatia sote kitu kimoja cha kuogopa. Lemayian alipotuondolea ile hofu, hakutuwekea chochote mahali pake. Kanisani wananiambia nisamehe. Sijasamehe.

Ng’ombe wa Lemayian walikauka maziwa kabla mvua haijarudi. Najua, ng’ombe anayelamba vumbi hana maziwa, haihitaji laana. Lakini nilitaka iwe laana, na hata leo nataka.

Asubuhi moja ya kiangazi kile alikuja kwetu, akasimama mlangoni. Kwetu anayeomba msamaha hung’oa nyasi akaziinua mkononi, na ukiziona huwezi kumkatalia. Lemayian alikuja mikono mitupu. Nyuma yake kulikuwa na vumbi tupu mpaka mlimani.

“Koko, ondoa yale maneno. Watoto hawana maziwa.”

Koko aliitazama ile mikono.

“Ng’oa nyasi kwanza, mwanangu, ndiyo uombe.”