Mikate Mitatu Mkobani

Mwaka jana mimi na mume wangu tulitoka Louisville, Marekani, kwenda kupumzika kwenye kisiwa cha Karibea ambacho ndiyo kwanza kilikuwa kinawafungulia watalii milango. Hotelini ulikuwa unakula mpaka uchoke, lakini mimi nilificha mikate mitatu mkobani. Nimekulia kambi ya wakimbizi Kigoma. Siwezi kuacha chakula mezani bila kuwaza kesho.

“Mama watoto, unatuaibisha,” mume wangu alisema.

Nikamwambia anyamaze, maana naye alikulia mgao uleule wa chakula kambini.

Tulipotoka kutembea, mkoba wangu wa mikate begani, mlinzi wa getini aliona utepe wa wageni mkononi mwangu, akanipisha akitabasamu. Nyuma yangu alikuwepo mpishi wa hoteli, anarudi kwake. Mlinzi akamwaga mkoba wote wa mpishi mezani, akitafuta mkate.